Maharagwe ya Siku ya Tatu

...maana nikiliwasha sasa hivi litazimika njiani, nalijua jiko langu, nimelitikisa mara mbili na mafuta ya taa yamejibu huko chini kabisa, chwa, hayo ni ya chai, chai ya mtu mmoja, si ya maharagwe, na maharagwe yaliyoiva nusu ni hasara kuliko mabichi, huwezi kuyala wala huwezi kuyarudisha yalikotoka, na bado nimepiga magoti hapa sakafuni na njiti ya kiberiti mkononi, sijaiwasha, na mtu anabisha hodi, na mtu mwenyewe ni yeye, jirani yangu wa ukuta mmoja, Mama Pacha, ambaye sijamwitikia miezi minne, "Dada, hodi, najua umo ndani", kwani nitakuwa wapi, nani siku hizi anatoka bila sababu, kutoka ni nauli na nauli ni mafuta na mafuta yamepanda tena Jumatano, nayo yakipanda hayapandi peke yake, muuza nyanya anasema ni mafuta, mwenye duka anasema ni mafuta, hata mzee wa mkokoteni wa maji amepandisha, nikamwuliza, baba, mkokoteni wako nao siku hizi unakunywa dizeli? akasema, "Mama, mkokoteni haunywi kitu, lakini mimi ninayeusukuma ninakula", nikacheka, nilicheka kweli, kisha nikaingia ndani na sikuwa na mtu wa kumsimulia, nikaisimulia cherehani... "Dada, sikuja kwa ubaya", anasema, sauti yake iko chini, karibu na tundu la kitasa, na mimi nabana pumzi kama mwizi ndani ya chumba changu mwenyewe, nayatazama maharagwe, leo siku ya tatu yamo majini, siku ya kwanza niliyaloweka kwa nia safi, nikasema nitayapika jioni, jioni nikaona niyaache hadi kesho, huenda bei ikashuka, mtu mzima mimi, kana kwamba bei imewahi kushuka kwa kungojewa, jana nikabadilisha maji, leo asubuhi tena, na bado yana povu na yameanza kutoa vimkia vyeupe, yakifika kesho ni ya kutupa, na ndiyo yaliyobaki humu, hayo na konzi moja ya unga, "nimekuona bombani, jana na leo, unabadilisha maji ya maharagwe yale yale", eti ameniona, basi ameniona, na kama ameniona bombani basi mwiko nao ameusikia na ameujua, Mungu wangu, mwiko, kila jioni saa ya watu kupika nachukua mwiko na kuugonga kwenye ukingo wa sufuria tupu, ko ko ko, nafunika, nafunua, mara moja nilijifanya hata nakohoa moshi, ili upande wa pili wasikie kuwa kwa fundi cherehani kunapikwa, na yeye muda wote huo alikuwa akinusa na hanusi kitu, aibu gani hii, bora angenikuta naiba.

Aende zake, nasema moyoni, aende, alikuwa wapi siku ile, ingawa najua alikuwa wapi, alikuwa hapa hapa chumbani kwake, mume wangu alipofariki wapangaji wote walikuja kumzika kwao, safari ya kutwa nzima kwa basi, na wiki ile ile nauli ikapanda karibu nusu, yeye marehemu angesikia angezima redio, ndiyo ilikuwa tabia yake, dereva wa lori la mchanga, bei za mafuta zikianza kusomwa anazima, kana kwamba asiyesikia hatozwi, nikimwambia, baba, ukizima haishuki, ananijibu, angalau hainiingii masikioni... walikuja wote, fundi viatu alikuja na ndara, na Mama Pacha hakuja, alikuja chumbani kwangu usiku wa kuamkia safari, akanishika mkono akaniambia, dada, nauli sina, nimetafuta nimekosa, hivyo tu, hakuongeza, na mimi niliyekuwa sioni mbele kwa machozi hilo nililiona vizuri sana, nikalibeba hadi kaburini na nikarudi nalo, na siku ya kwanza bombani, watu wamejaa, yeye amekinga ndoo yake, nikasema kwa sauti ya kutosha, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, mwenye masikio na asikie, na yeye akajitwika ndoo kabla haijajaa akaenda, tangu siku hiyo ukuta ule umekuwa ukuta kweli... "na mimi sikulaumu, dada", anasema, hebu msikie, hanilaumu, natamani angenitukana, maana mtu asiyekulaumu unamfanyaje, na hapo ndipo linaponijia lile ninalolikimbia kila Jumapili, mdogo wangu, wa tumbo moja, tumelala mkeka mmoja hadi naolewa, mwezi uliopita alipasuliwa, akalazwa, akanipigia akasema, dada, njoo nikuone tu, usilete kitu, na mimi nikasema mguu, nimevimba mguu, sikanyagi, uongo ulitoka laini kama uzi mpya sindanoni, kumbe ni nauli, ni nauli tu, na sikuweza kuitamka, mimi mkubwa, mimi niliyemlea, na yeye akasema, pole dada, uweke juu ya mto, na sasa kila Jumapili anapiga, mguu vipi? na mimi sikumbuki ni upi, mwanzo ulikuwa wa kulia, juzi nikasema wa kushoto, akashangaa, kwani umehamia? nikamwambia maradhi ya miguu ndivyo yalivyo, yanatembea, akacheka, bila shaka ameshika tumbo, nikamsikia anaugua kwa mshono huku anacheka, na hata hapo ananipa pole, mtu mwenye mshono ananipa pole mimi mwenye miguu miwili mizima, na nikikata simu nakaa kitandani nalia, nalia kwa hasira, sijui namkasirikia nani... yeye alisema sina, Mama Pacha, alisimama mbele yangu akasema sina, neno gumu kuliko yote na alilisema macho kwa macho, mimi nikamtangaza bombani, mimi nilisema mguu nikapewa pole, sasa nani kati yetu... "hawa pacha nimewapeleka kwa bibi yao tangu mwezi juzi", anasema sasa, na sauti yake imepinda kidogo, "huko angalau kuna shamba, wanakula", tangu mwezi juzi? mwezi juzi! na mimi niliyesikia kimya upande wa pili nikasema moyoni, amewafundisha watoto kunyamaza ili kunikomoa, tena nikajibu, nikazidisha kugonga mwiko, kumbe nilikuwa namgongea mtu mmoja, amekaa peke yake kwenye kitanda kama nilivyokaa peke yangu kwenye changu, migongo yetu pengine imeegemea ukuta ule ule, na wale watoto hata sikuwaaga, mmoja wao nilimshonea kaptura, mkorofi yule, alikuwa anakuja kuokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani na kuviita vyake... "dada, nina mafuta kidogo jikoni, ila sina cha kuweka juu yake, na yenyewe hayatafika saa nzima, nimeona labda na wewe... tukiyamimina pamoja kwenye jiko moja, yanaweza kuivisha", amemaliza, amelisema tena, sina, mara ya pili ananijia na neno lile lile, na mimi sijui angelisema mara ngapi bila kujibiwa, mimi nisingerudi hata mara moja, magoti yananiuma, vidole vimeloanisha njiti, hata nikiikwaruza sasa haitawaka, chini ya mlango kuna vivuli viwili vya miguu yake, kimoja kinageuka, anataka kuondoka, na nimechoka, nimechoka kula chai, nimechoka kusimulia vichekesho kwa chuma, nimechoka kuwa mshindi wa ugomvi ambao mwenzangu hata hakuugomba, natafuta cha kusema na yote yaliyo kichwani ni makubwa mno kupita mlangoni, nisamehe ni kubwa, karibu ni dogo, na kivuli cha pili nacho kinageuka, basi nasema lile la kweli ninalolijua, nasema, "Sukuma, mlango haujafungwa", na sauti inatoka imekauka kama ya mtu aliyekuwa amelala, sijui kama imemfikia, kwa hiyo nasema tena.