Uzito wa Mama wa Santa Inés

Jua lilikuwa halijachomoza kijijini San Nicolás, walikolala, na tayari waendesha baiskeli wa Santa Inés walikuwa wamekunywa uji wa mahindi bakuli mbili mbili, na mzee Fidencio alikuwa ameshagombana na kila mtu juu ya kamba. Fidencio ndiye fundi baiskeli wa mji wao na kiongozi wa msafara wa hija ya kila mwaka kwenda kanisa la Guadalupe. Kwake, mtu asiyejua kufunga kamba vizuri hakulelewa.

"Geuka," alimwambia Yareli. "Nitakufunga mwenyewe. Mafundo yako ya jana yalikuwa ya kufungia kifurushi cha keki."

Yareli aligeuka. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza kubeba mgongoni picha ya Bikira Maria, Mama wa Guadalupe. Miaka kumi na tisa iliyopita ilikuwa ya Nabor, baba yake, mpaka goti lake lilipokataa mwezi wa nane. Kikao cha kumpata mrithi kilichukua jioni mbili. Fidencio alisema picha ile haijawahi kupanda mlima juu ya mgongo wa mwanamke. Nabor akamjibu kwamba hata kuzaliwa hakuna aliyewahi kuzaliwa kutoka kwenye mgongo wa mwanamume, na bado wote wapo. Watu wakacheka, wakakubali, ila Fidencio alisema neno moja tu: "Tutaona."

Picha yenyewe ilikuwa ya zamani, ina kioo kizito na fremu ya bati iliyofuliwa kwa nyundo. Nyuma yake palishonwa mfuko wa turubai, na ndani ya mfuko huo kila nyumba ya mtaa ilikuwa imetia karatasi iliyokunjwa: maombi ya mwaka mzima. Mama Chole, jirani yao, alikuwa ameandika jina la mwanawe tu, aliyevuka mpaka kwenda kaskazini na hajapiga simu tangu Pasaka. Alimkabidhi Yareli karatasi ile kwa mikono miwili. "Usiniangushie, mwanangu," alisema, na Yareli akajua hazungumzii karatasi.

Siku ya kwanza mabega yaliwaka moto. Lakini siku hii ya pili, siku ya kupanda hadi Paso, njia ipitayo katikati ya volkano mbili, jambo la ajabu lilitokea. Mzigo ulikuwa mwepesi.

Mwanzoni aliogopa kuamini. Barabara iliacha lami ikaingia kwenye mchanga mweusi, tairi zikawa zinateleza, na wenzake kumi na watatu wakaanza kuhema kama mivukuto ya mhunzi. Don Goyo, mlima wenye moshi, alikuwa amevaa wingu lake kama kofia na kuwatazama. Yareli alikanyaga pedali, akasikia fremu imekaa mgongoni kama mtoto aliyelala. Akawapita wawili, kisha watatu. Alipompita Fidencio, mzee yule alikuwa amesimama kando anavuta pumzi, akijifanya anakagua mnyororo.

"Mama amenihurumia, mzee," Yareli alimwambia kwa furaha. "Amejifanya mwepesi."

Fidencio alitikisa kichwa na kujifuta pua. Njia nzima hadi juu Yareli aliimba taratibu, machozi yakimkaukia mashavuni kwa baridi ya misonobari. Alikuwa na moyo wa kuona mema kila mahali, na siku ile mema yalikuwa yamekaa mgongoni pake.

Lori la msafara lilikuwa limetangulia na mablanketi na sufuria. Nabor alikuwa ameketi nyuma, goti lake kalifunga kwa shali la mkewe, anagawa maharage na machungwa. Alimwona binti yake anafika wa kwanza, akaangusha kijiko.

"Wewe umepandaje?"

"Mwepesi, baba. Tangu asubuhi. Kama unyoya."

Uso wa Nabor ulibadilika. Hakumkemea. Alimwomba asogee karibu, akapapasa ile plastiki nyeusi waliyofungia picha kuzuia umande, kisha akagonga kwa kidole. Haikulia kioo. Ikalia kavu, kama kugonga kikapu.

"Miaka kumi na tisa, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Haijawahi kuwa nyepesi hata hatua moja."

Waliifungua. Mama alikuwa Mama yule yule, joho la nyota na mikono iliyokutana, lakini amechapwa juu ya kitambaa, na fremu yake ilikuwa imesukwa kwa majani ya mtende. Nyuma hakukuwa na mfuko. Ndipo Yareli akakumbuka: usiku uliopita waendesha baiskeli kutoka Mixteca, wasuka kofia na mikeka, walilala nao katika ua wa kanisa, na picha zote zilipangwa ukutani zimefungwa plastiki nyeusi zile zile.

Karatasi za mtaa mzima zilikuwa mahali fulani huko chini. Labda bado ukutani. Labda Mama Chole atauliza.

Dereva alitaka kugeuza lori, lakini Nabor alikataa. Mama wa Santa Inés hapandi gari. Ndiyo ahadi, ndiyo maana wanakuja kwa baiskeli. Basi kilibaki kitu kimoja, na wote walikijua, na hakuna aliyetaka kukitamka. Kwao, msafiri wa hija harudi nyuma. Bibi zao waliwaambia kwamba anayegeuka njiani hugeuka jiwe, na mawe yote makubwa ya mteremko ule ni watu waliokata tamaa.

Yareli aliifunga upya ile picha ya mtende mgongoni, akageuza baiskeli.

"Ukigeuka jiwe," baba yake alisema, "nionyeshe ni lipi, nitakuja nikukalie nipumzishe goti."

Alishuka amekaza breki, akiwapita wenzake waliokuwa bado wanapanda. Alipokutana na Fidencio alimweleza kwa maneno machache bila kusimama.

Alishuka karibu kilomita sita. Kwenye kona yenye msalaba mweupe alimkuta mwanamume mnene amekaa kando ya baiskeli, miguu amenyoosha, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mgongoni alikuwa na mzigo wa plastiki nyeusi.

"Kaka, shikamoo. Wewe ni wa Mixteca?"

"Nilikuwa," yule mtu alisema. "Sasa ni maiti. Naitwa Hilarión."

Yareli alimgeuzia mgongo auone. Hilarión aliitazama fremu ya mtende ikichungulia kwenye plastiki.

"Tangu alfajiri najiuliza nimetenda dhambi gani mwaka huu hata Mama akanilemea hivi," alisema. "Nimeanza kuzitubu moja moja. Kona baada ya kona. Nimefika zile za mwaka niliooa."

"Mimi nilidhani nimebarikiwa."

Walitazamana, kisha wakacheka mpaka Hilarión akashika mbavu. Alipopata pumzi alisema mkewe asiambiwe, maana atataka kujua ametubu zipi. Wakabadilishana pale pale, magoti mchangani, na kabla ya kujifunga Yareli aliingiza mkono kwenye mfuko wa turubai. Karatasi zilikuwapo, zimebanana, zina joto la mgongo wa mtu.

Hilarión alipanda baiskeli yake na kuondoka anapiga mluzi, mwepesi kama kijana. Yareli alibaki na mlima.

Katika kupanda huko kwa pili hakuimba. Fremu ya bati ilimkata mabega, mchanga ulimvuta tairi, na kila mara alipotaka kushuka asukume alikumbuka mikono miwili ya Mama Chole. Kona moja, halafu nyingine. Kwenye ile ya mwisho Fidencio alikuwa anamngoja, baiskeli ameishika usukani, pua imekuwa nyekundu.

"Kamba nilifunga mimi," alisema. "Gizani. Nikachukua picha ya kwanza niliyoigusa." Akanyoosha mkono. "Nipe, nikusaidie hapa palipobaki."

"Ahsante, mzee. Nimefika."

Mzee hakubisha. Alipanda baiskeli yake akakaa nyuma yake, polepole, kwa mwendo wa Yareli, mpaka juu.

Nabor alikuwa ameshuka kwenye lori kwa goti lake bovu. Aligonga plastiki kwa kidole, kioo kikalia. Kisha akamgusa Yareli shavuni kwa mkono ule ule, kama anayehakikisha kwamba si jiwe.

"Mzito?" aliuliza.

"Mzito, baba."

Nabor alitabasamu na kumpa bakuli la maharage. Upande wa pili mji wa Amecameca ulionekana chini, mapaa yake yanang'aa, na barabara yote iliyobaki siku ile ilikuwa mteremko. Fidencio alikuja na kikombe cha uji, akakaza fundo moja begani kwa Yareli, akalilegeza, akaliacha kama binti alivyolifunga mwenyewe.