Mistari Juu ya Kente

Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, lilishuka Kumasi tangu asubuhi, jua likawa jeupe kama mwezi. Katika chumba chao cha kazi, watengenezaji tovuti Serwaa na mwenzake Dapaah walikuwa wakibishana, na Mjomba Agyeman, mfumaji wa vitambaa vya kente, amesinzia kitini akisubiri tovuti yake.

Tatizo lilikuwa simu. Kwenye kompyuta picha za vitambaa zilikaa sawa. Kwenye simu ukurasa ulichelewa kufunguka, kisha ukateleza kando kama mlevi.

"Chrome itasema yote," Dapaah alisema, akafungua zana za mafundi za kivinjari hicho. Kila picha ikajitokeza na sekunde zake. "Ona! Hii peke yake sekunde tisa. Umepakia ng'ombe mzima!"

"Niliambiwa nisiharibu rangi, bwana."

Dapaah akazipunguza uzito. Ukurasa ukafunguka upesi, lakini bado uliteleza.

"Haya, bingwa, sogea," Serwaa akamcheka. Akaufungua ukurasa uleule kwenye Firefox, akabonyeza alama ya gridi. Mistari ya zambarau ikachomoza juu ya vitambaa. Katika ule mwanga wa vumbi, ilikuwa kama mtu ametanda nyuzi hewani.

Mjomba Agyeman alikuwa amefumbua macho. Alitazama kwa muda mrefu, kama asiyejua kama ameamka.

"Nani katanda huo mtande?"

"Ni kompyuta tu, mjomba."

"Basi uzi wa mwisho umetoka nje."

Kweli. Safu ya mwisho ilivuka ukingo wa skrini. Serwaa alikuwa ameipa upana usiobadilika. Akafuta namba moja. Mistari ikarudi ndani, ukurasa ukatulia.

"Bado Chrome ni bora," Dapaah akanung'unika.

"Kwa kupima uzito, sawa. Kwa mpangilio, njoo huku. Kwani umefunga nayo ndoa?"

Mjomba hakuwasikia. Alikuwa amempigia dada yake, Pokuaa, aliyeko Tamale. "Fungua tovuti sasa, dada. Tazama kitambaa cha kwanza kabisa."

Kitambaa cha kwanza kilifumwa na marehemu kaka yao, miezi miwili kabla hajafa. Kisha sauti ya Pokuaa ikaja polepole: "Ile kijani yake. Aliyokuwa akigombana nayo akifuma."

"Ndiyo hiyo."

"Usikate, Agyeman. Acha nimwangalie."

Hakukata. Serwaa akapunguza mwanga wa skrini, wote watatu wakamsikiliza mwanamke akipumua mbali kaskazini.