Udongo wa Nyuma ya Depo

Katikati ya mwezi wa nane, siku ambazo baridi ya Munigi humchelewesha hata jogoo kuwika, Katungu aliwafunga kuku wake saba kamba mguuni, mmoja mmoja, na kila kamba akaibana chini ya jiwe. Siku hiyo alikuwa anamwaga mbegu za shu, kabichi zile za vichwa vigumu, na kuku hana adabu mbele ya kitalu kipya. Alizichanganya mbegu na majivu, akazimwaga katika mistari aliyoichora kwa kidole, akafunika kwa udongo mwembamba, kisha kwa majani makavu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Majirani wangengoja mvua za mwezi wa tisa. Katungu hakungoja mtu. Anayefika sokoni na shu za kwanza hupangia wengine bei, na anayefika nazo mwisho huenda kulisha sungura.

Munigi haina udongo. Ina mawe meusi ambayo mlima ulitapika, na kila watu wanapozoea mawe ya zamani, mlima huwaletea mapya. Anayetaka shamba hujenga kuta fupi za mawe, halafu huleta udongo kwa magunia kutoka mahali pengine na kuumwaga ndani. Mvua huuzamisha polepole katikati ya mawe, kwa hiyo kila mwaka ni lazima aongeze. Kuutafuta ni kazi ya macho: palipo na majani mengi, jembe haligongi jiwe. Hilo hata mtoto analijua. Mwaka huu Katungu aliona majani mengi nyuma ya depo ya mbao iliyoachwa, kwenye barabara ya Kibati. Yalikuwa marefu na mabichi katikati ya kiangazi, na yeye, mkulima wa miaka ishirini, akafurahi. Hakukumbuka kwamba mwenye kupanda na mwenye kuzika kwa haraka hutafuta mahali pamoja.

Alileta magunia tisa kwa chukudu ya mume wake. Wanawake hawasukumi chukudu, baiskeli hiyo nzito ya mbao ni kazi ya wanaume wenye mabega, na njiani watu walimkodolea macho. Aliwaacha wakodoe. Mume wake, Kamate, hakuwepo kuisukuma. Alitoka nyumbani Jumatatu moja mwishoni mwa mwezi wa kwanza, risasi zikilia mjini, akaenda kutafuta pumba za kuku, na hakurudi. Katungu ndiye aliyemtuma. Kuku walikuwa na siku mbili bila kula, walipiga kelele tangu asubuhi, naye alikuwa amechoka kuwasikia. Jambo hilo hakumwambia mtu yeyote. Lilimkaa kooni, na kila alipomeza mate alilisikia.

Kule Butembo, kaka yake Kamate alikataa kuweka kilio. "Hatuwezi kulilia mutu bila karatasi," alisema kwa simu. "Pengine ako Kampala na mwanamuke mwingine." Basi nyumba ya Kamate ilikaa miezi saba bila kilio, bila misa, na bila mtu wa kuja kuketi na mjane, kwa kuwa hapakuwa na mjane.

Mbegu ziliota siku ya tatu. Kwa baridi ile zilipaswa kuchukua wiki nzima. Katungu alitia mkono kitaluni akakuta udongo una joto, joto la paji la uso la mtu, akadhani ni samadi ya kuku ambayo haijapoa. Siku ya tano, saa nne asubuhi, alikuta mwanaume ameketi juu ya ukuta wa mawe, amempakata kuku mweupe. Alivaa koti la mvua na kiatu kimoja. Sikio lake la kulia lilikuwa limejaa udongo.

"Jambo, mama," alisema yule mtu. "Mimi ni Habumugisha, wa Masisi. Udongo wangu uko kwako."

"Wote?"

"Wa kichwa na mabega. Mwingine ulibakia kule."

Katungu aliitazama miche. Ilikuwa imesimama vizuri, kila mmoja na vijani vyake viwili. "Unataka niurudishe?"

"Hapana, mama. Kule baridi iko mingi. Unipe tu kazi."

Akampa kopo la kumwagilia.

Mwisho wa juma walikuwa tisa. Mama mmoja alikuja na kitenge chenye mashimo mawili, mzee mmoja na fimbo yake, na wengine ambao walifukuza siafu. Kila kuku alipata wa kumpakata, na Katungu akaona hana haja tena ya kamba. Jirani yake Gisèle alipita na bidoni ya maji kichwani, akaitua, akawasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, kama inavyotakiwa.

"Sasa uko na watu mingi wa kulisha," Gisèle alisema.

"Hawali."

"Basi uko na bahati," Gisèle akasema, akajitwika bidoni yake akaenda.

Siku nne Katungu alilimeza swali lake. Aliogopa jibu la ndiyo na aliogopa zaidi jibu la hapana. Siku ya tano alimwendea Habumugisha, akajifanya anapalilia karibu yake.

"Kule mulikuwa munalala, hakuna mwanaume murefu, mwenye jino la mbele limevunjika? Anaitwa Kamate. Alikuwa anasukuma chukudu."

Habumugisha alifikiri, huku akimpapasa kuku. "Mama, kule watu hawakuulizana majina. Walituweka mbio mbio. Lakini chini yangu kulikuwa mutu wa mabega nguvu. Hakuwa analala vizuri. Alikuwa anauliza kila mara kama kuku walikula."

Katungu aliketi chini, juu ya miche yenyewe, na hakuona kwamba aliivunja mistari miwili.

Kesho yake alirudi nyuma ya depo na jembe. Alikuta vijiti vimechomekwa na uzi umevutwa pembe nne. Kuna mtu alikuwa amenunua kile kiwanja ili ajenge bohari, na mafundi walikuwa wanashusha mchanga. Hawakuwa wakorofi. Mkubwa wao alimwambia achimbe mpaka Ijumaa, kwa sababu Jumamosi wangemwaga beto, zege la msingi, na udongo wenyewe waliuona kama uchafu wa kuondoa. Katungu alichimba siku tatu. Kila gunia lilileta mtu nyumbani: mwalimu, muuza mkaa, ndugu wawili walioshikana mikono na kukataa kuachana hata walipopewa kazi tofauti. Kwa kila mmoja alimwangalia meno kwanza, kisha akamsalimia. Alikuwa akiona haya kuwapokea watu hivyo, lakini alikuwa akitafuta mmoja tu.

Ijumaa alifika chini. Udongo wa pale ulikuwa mbaya, umechanganyika na kokoto, na mkulima mwenye akili angeuacha. Alijaza magunia mawili. Nyumbani alijenga kitalu kidogo peke yake kando ya ukuta wa jiko, akaumwaga humo, akapanda shu pia, kwa kuwa udongo mtupu Munigi huibwa mchana kweupe. Kisha akangoja. Alingoja Jumamosi beto ikimwagwa, na Jumapili hakwenda misa. Jumatano saa nne asubuhi alikuta Kamate ameketi, amenyoosha miguu yake mirefu juu ya kitalu, jino lake limevunjika palepale.

"Kuku walikula?" Kamate aliuliza.

"Walikula," Katungu alisema. Kisha lile jambo la kooni likatoka lenyewe. "Ni mimi nilikutuma."

"Ndiyo. Ulinituma."

Hakumfariji. Wafu hawasemi uongo, hata ule mdogo wa adabu. Alimweleza kwa utulivu kwamba pumba alizipata, kwamba alikuwa anarudi nazo begani, na kwamba alipigwa risasi ya mgongo kabla ya kufika kona. Katungu aliuliza ni akina nani.

"Walikuwa na bunduki."

"Wa upande gani?"

"Hawakujitambulisha," Kamate alisema, akamwita kuku mwekundu kwa ulimi, na kuku akaja.

Asubuhi iliyofuata Katungu alimpakia kwenye chukudu, na beseni la udongo wake mapajani, kwa kuwa bila udongo hakuweza kupita mlango wa ua. Alimsukuma mpaka ofisi ya mtaa. Karani alikuwa Niyitegeka, mwanaume mpole mwenye skafu ya sufi shingoni na mwandiko mzuri. Alisimama, akamletea Kamate kiti, akafungua kitabu.

"Papa Kamate, jambo. Hapa tulikuandika kama ulisafiri."

"Sikusafiri," Kamate alisema. "Nilikufa."

"Tarehe gani?"

"Le vingt-sept, ishirini na saba, mwezi wa kwanza."

Niyitegeka aligeuza kurasa, akarudi nyuma, akakifunga kitabu kidole kikiwa ndani. "Listi ya mwezi ule ilishafungwa. Hesabu tulishaituma kule juu na wao walishaisoma. Nikiongeza mumoja, wataniuliza wengine wako wapi."

"Wako kwangu," Katungu akasema. "Trente et un, thelathini na mmoja. Wameketi kwa shamba, kuja uwahesabu."

"Unaona sasa, mama," Niyitegeka alisema kwa huruma. "Unaona ugumu wa hiyo kazi."

Katungu aliomba basi ruhusa ya kumzika tu, makaburini, kama mtu. Niyitegeka alimweleza kwamba ruhusa ya kuzika hutolewa kwa karatasi ya kifo, na karatasi ya kifo, kwa mtu wa mwezi ule, hutolewa akiwa ameshazikwa mahali panapojulikana. Alimweleza mara mbili, ya pili polepole zaidi. Hasira ilimpanda Katungu mpaka masikio yakawaka, akatoa maneno ambayo mama wa jumuiya ya kanisa hayatoi hadharani. Niyitegeka aliyapokea akiwa ameinamisha kichwa. Kamate alimshukuru kwa kiti.

Nyumbani Katungu alipiga simu Butembo, akampa Kamate azungumze mwenyewe. Kaka yake alisikiliza. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto na za maharage, wakacheka kidogo kwa jambo la utotoni. Kisha kaka aliomba arudishiwe shemeji.

"Nimefurahi sana kumusikia," alimwambia Katungu. "Lakini mutu anaongea na simu, tutamulilia namna gani? Umwambie arudi nyumbani." Akakata.

Mvua zilishuka katikati ya mwezi wa tisa, na shu za Katungu zilikuwa tayari kuhamishwa wakati za majirani ndiyo kwanza zinaota. Watu walikuja kununua miche kutoka Kibati hadi Keshero. Mche huuzwa na donge la udongo kwenye mizizi, la sivyo hufa njiani, kwa hiyo kila mnunuzi aliondoka na mtu mmoja au wawili nyuma yake. Wanunuzi hawakulalamika. Mwalimu alikwenda kwa mama mmoja wa Keshero ambaye alisema anafaa kukaa na watoto, na wale ndugu wawili walinunuliwa pamoja. Habumugisha alikwenda Kibati. Kabla ya kuondoka alimrudishia Katungu kopo lake, limeoshwa.

Jumamosi alikuja Niyitegeka na kikapu. Mke wake alikuwa amejenga kuta za mawe nyuma ya nyumba. Alivua kofia, akawasalimia wale waliobaki kwa majina, bila kukosea hata mmoja, kwa kuwa majina yao alikuwa ameyaandika mwenyewe, kama watu waliosafiri. Akainama juu ya kitalu cha ukuta wa jiko, kilichokuwa na miche minene kuliko yote.

"Papa Kamate, usogeze kidogo muguu," alisema.

Kamate akausogeza.

"Ile siuzishi," Katungu alisema.

"Sawa, mama. Hapana shida." Akang'oa shu thelathini kwenye kitalu kikubwa, akazipanga kwa uangalifu, akalipa bila kubishana. Mzee wa fimbo na mama wa kitenge walisimama, wakajikung'uta. Mama alimshikia Niyitegeka kikapu upande mmoja. Katungu aliwafuata mpaka mlangoni, akamuuliza kama sasa ataweza kuwaandika, hao wawili tu, atakaokuwa akiwaona kila siku kwake. Niyitegeka alimpisha mzee apite mbele.

"Listi imefungwa, mama," alisema.

Katungu alirudi, akaketi kando ya mume wake. Manyunyu yalikuwa yameanza, na kuku wakaja wakajibana chini ya magoti ya Kamate. Aliona kwamba kaka hatakuja, padri hatasoma jina, na kilio kama kitakuwepo kitakuwa chake peke yake. Akavua kilemba, akakiweka chini, akafungua kinywa ili amlilie, palepale, jinsi mke anavyomlilia mume. Lakini Kamate alikuwa anamtazama, na kila Katungu alipoanza, yeye alimshika mkono na kumuuliza nani mwingine amekufa.