Sauti ya Mama Kwenye Simu ya Esteria

Kaka yetu Maige alisomea kompyuta, na alipokosa kazi akarudi nyumbani Kasoli. Programu yake ya kwanza aliitengeneza kwa ajili ya mdogo wetu Esteria, ambaye video za mtandaoni zilikuwa zimemmaliza. Ugali unapoa, ng'ombe wanaingia kwenye pamba, yeye kidole kinapanda tu. Maige akamwekea kengele, Esteria akaizima. Akamwekea kufuli, akalifungua.

"Huyu humu ndani anamsikia nani?" Maige aliniuliza.

"Mama tu."

Basi akamrekodi Mama. Muda ukiisha, simu ingeita, "Esteria! We Esteria!" na isingenyamaza mpaka mwenyewe aitike kwa mdomo.

Mama alicheka. "Nipo hapa hapa, unanitia kwenye simu ya nini?"

Kabla ya mavuno Mama akafariki, tukamzika nyuma ya nyumba. Programu tuliisahau.

Siku moja tunachambua pamba uani, safi huku, fifi, ile chafu, kule, sauti ya Mama ikaita. Mbwa wa Mama akainuka, akaenda mlango wa jikoni, mkia unacheza.

"Usiitike!" Shangazi Felisita akamkamata Esteria. Kwetu, sauti ambayo humwoni mwenye nayo haiitikiwi. Ukiitika, umemfungulia mlango.

"Ni simu tu, Shangazi," nilisema.

"Na aliyeita ni simu?"

Esteria akaitika, "Abee Mama." Ikanyamaza.

Tangu hapo simu hakuiweka chini, lakini video hakuzitazama. Nilikuwa namwangalia. Kidole kinapanda, macho yako mlangoni, anasubiri muda uishe aitwe. Akishaitika, anaanza upya. Akakonda.

"Naifuta," Maige akasema.

Nilidhani Esteria atapiga kelele. Wapi! Alimpa simu mwenyewe. Maige akafuta yote mbele yake, na sauti ya Mama, akaizima simu, akanikabidhi mimi.

Kesho yake Esteria alikula. Akachambua pamba na sisi, akamtania Maige: "Kaka, hiyo fifi unaiweka kwenye safi, kompyuta haikukufundisha?" Shangazi akamshukuru Mungu.

Mara Esteria akanyanyua kichwa.

"Abee Mama."

Simu ilikuwa kwenye fundo la khanga yangu, imezimwa. Akasimama, akakung'uta sketi, akaelekea nyuma ya nyumba.

Nikamshika mkono. "Umesikia nini?"

Akanishangaa. "Dada, mbona huitiki? Anakuita na wewe."

Nikabana meno nisije nikaitika, nikamng'ang'ania.