Kifungo cha Pili cha Baba

Kaka ndiye aliyesema tucheze. Yeye alitaka kuuza chumba cha ushonaji alichotuachia marehemu Baba, na mimi nilitaka kubaki humo na cherehani yangu, maana sina riziki nyingine duniani. Tulikuwa tumezozana mpaka koo zimekauka. Basi tukakubaliana tuamue kama Baba alivyotuamulia kila kitu tangu utoto, hata zamu ya kuosha vyombo: karata, na vifungo vya makoti badala ya hela. Mkono mmoja tu, na atakayechukua rundo ndiye mwenye neno juu ya chumba.

Mchezo wetu ni mwepesi. Kila mtu ana karata mbili za siri, na tano za wote hufunuliwa mezani. Dau hupanda kifungo kimoja kimoja tu, hata uwe na kiburi namna gani, na kifungo kikigusa meza hakirudi. Enzi za uhai wake, Baba alipotoka kumpima mteja, karata zake ziligawiwa vilevile, na mdogo wetu wa kike alimwekea kifungo cha kufuata dau. Kufuata tu. Kupandisha ilikuwa kazi ya Baba mwenyewe.

Alasiri ile mdogo wetu aligawa, na mkono ukafuata mazoea: akakiwekea karata kiti cha Baba. Hakuna aliyemkataza. Nani angethubutu?

Nilipata mfalme na saba. Mezani akatoka mfalme, ikatoka saba, jozi mbili tayari, moyo ukanidunda kwa furaha. Nikaweka dau kila mzunguko. Mdogo wetu alitupa karata zake mapema, Kaka akanifuata huku akinuna, na kiti cha Baba kikafuata. Karata ya tano ilikuwa kopa, na sasa kopa mezani zilikuwa nne. Mwenye kopa moja tu mkononi alikuwa amefikisha tano, na kopa tano hushinda jozi mbili.

Nikaweka kifungo. Kaka akafuata. Mdogo wetu akaweka cha Baba.

Mbele ya kiti vilikuwa viwili.

"Umepandisha?" Kaka akafoka.

"Nimeweka kimoja!" Mdogo wetu akatufunulia viganja. "Haki ya Mungu, kaka, kimoja!"

Mashine zilikuwa zimezimwa, mlango umefungwa, na chumba kikanuka mvuke wa pasi ambayo hakuna aliyeiwasha.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoharibu. Rundo la vifungo lilikuwa kubwa katikati ya meza, na mimi nilitakiwa kuongeza kimoja tu. Mahali dau linapobanwa hivyo, mtu halazi karata nzuri akajitoa. Hata ningekuwa na nafasi moja katika kumi, kifungo kile kilistahili kuwekwa. Na Kaka sikumhofia, angekuwa na kopa angepandisha zamani. Hesabu yote ilikuwa upande wangu.

Lakini Baba hakupandisha ovyo. Miaka yote, akiongeza kifungo sote tulilaza karata, tukamwachia rundo, naye akazichanganya karata zake bila kuzionyesha. Nilimwogopa. Nilimheshimu pia, siwezi kuvitenganisha. Nikalaza.

Kaka akatabasamu kwa shida. "Mimi nalipa. Kifungo kimoja si roho." Akaonyesha tisa na nne, jozi mbili ndogo kuliko zangu.

Mdogo wetu akafunua za Baba kwa ncha ya kucha. Tatu ya uru. Sita ya pau. Takataka tupu!

"Ulikuwa na nini?" Kaka aliniuliza. Nikamwonyesha mfalme na saba. Hakucheka, na Kaka ni mtu wa kucheka.

Nikajiuliza ni mara ngapi mzee yule alitufukuza mezani akiwa na mkono mtupu. Hatukujua, kwa sababu hatukuwahi kulipa ili tuone. Lakini nyakati zile alitunyang'anya vifungo tu. Leo amenitoa humu chumbani, mimi niliyemlisha kwa kijiko mpaka mwisho wake.

Nikafungua ufunguo wa chumba niliouvaa shingoni, nikamkabidhi Kaka. Machozi yalikuwa yananitoka. Nikakigeukia kiti.

"Baba, kwa nini mimi?"

Mdogo wetu akaniziba mdomo kwa mkono wake wa baridi.

"Dada, usimuulize," akaninong'oneza. "Akijibu je?"