Moyo Mweupe wa Hadidja

Umeme ulikuwa umekatika tena kwenye maabara ya chuo. Ndiyo maana asubuhi hiyo Hadidja alikuwa sokoni, amepiga magoti mbele ya friza ya Maman Colette, muuza samaki mwenye jenereta, akiitafuta chupa yake chini ya samaki wa barafu.

Chupani mlikuwa na moyo wa mbuzi. Juma zima aliuosha kwa dawa ya sabuni hadi chembe zote za mnyama zikatoka, ukabaki kiunzi kitupu, cheupe, kama nyumba iliyohamwa na wapangaji. Siku moja chembe za mtu zingepandwa humo zipate pa kukua. Mchana huu walimu walitaka kuuona kwa macho yao. Bila moyo hakuna diploma, na baba yake alikwisha sema hana nguvu za kulipia mwaka mwingine.

"Hii iko nini?" Papa Cyprien, mkaguzi wa usafi, alikuwa nyuma yake alipoitoa chupa.

"Moyo ya mbuzi, papa. Ya mémoire yangu, kazi ya kumaliza chuo."

"Donc iko nyama. Muhuri ya abattoir, kwenye banachinjaka, iko wapi?"

"Haiko ya kukula! Iko na sabuni!"

"Bon, basi iko propre, iko safi." Akaumimina moyo kwenye mfuko wake, juu ya samaki wawili aliokwisha wachukua bure kwa Maman Colette, akapanda pikipiki. Chupa alimrudishia. Ana adabu, jamani! Mshahara wake mwenyewe haujafika miezi mingi; serikali ndiyo inayojua inakoupitisha.

Hadidja alimpigia simu mwalimu. "Mademoiselle, jury ya walimu haitangoja mbuzi," akajibiwa. "Utarudia mwaka." Akalia palepale, mbele za watu.

"Acha akule, tumbo imukate!" alisema Maman Colette.

Hadidja naye alitaka hivyo, alitaka sana. Kisha akajifuta machozi. "Iko na batoto, maman."

Nyumba ya mkaguzi ilijulikana na kila mtu. Hadidja alipofika uani, mkewe Agathe alikuwa akikoroga sufuria juu ya makaa, povu likifurika hadi motoni. Watoto walikwisha kaa na sahani zao.

"Yaya, dada yangu, usibapatie! Hiyo iko sabuni!" Hadidja alipaza sauti.

Agathe aliwatazama watoto. "Tangu jana habajakula," akasema.

Hadidja alishika sufuria kwa ncha za kitenge chake, akaimwaga. Moyo ukabingirika kwenye tope pamoja na wale samaki wawili. Mtoto mdogo akaangua kilio.

Papa Cyprien alitoka mbio. "Unamwaga chakula yangu? Sasa batakula nini?"

"Ubapikie muhuri, papa," alisema Hadidja, naye akaanza kulia pamoja na watoto.