Lundo la Ng'washi

Mwaka 1996 Evelina alipunguzwa kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, pamoja na dereva, mpishi na gari. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, akapata kibarua. Kampuni moja iliyokuwa inafunga mgodi mdogo wa dhahabu ng'ambo ya ghuba ya ziwa ilitaka mtaalamu wa udongo aseme kama eneo lile lingeweza kulimika tena. Akatoka kwake Pasiansi, akavuka kwa kivuko.

Meneja, bwana Revocatus, alimpeleka kwenye uwanda wa mawe yaliyosagwa, wa kijivu na wenye madoa ya kutu. Evelina akachota, akakoroga kwa maji, akachovya karatasi ya kupimia. Ikawa nyekundu.

"Tindikali imezidi," alisema. "Hata magugu yamekataa kuota."

"Mkulima si ndicho anachotaka, magugu yakatae?"

"Yakikataa magugu, mahindi hayajaribu."

Dawa ilikuwapo: kumwaga chokaa, kisha kufunika kwa udongo wenye rutuba. Udongo huo ulikwanguliwa kabla shimo halijachimbwa, ukalundikwa kando ukawa kama kilima. Walipoufikia, waliukuta umelimwa matuta ya viazi vitamu kutoka chini hadi juu, na juu kabisa alisimama mama mmoja na jembe lake.

"Shikamoo, mama," alisema Evelina.

"Marahaba. Pandia upande ule, huku utanikanyagia viazi."

Aliitwa Ng'washi. Shamba lake ndilo lililogeuka shimo la mgodi.

"Udongo huu ni wa kwangu," alieleza. "Mwanzo shamba lilikuwa limelala, sasa wamelisimamisha. Nami nikalifuata."

"Tumemfukuza mara nyingi," alisema Revocatus.

"Huwa naondoka," Ng'washi akakubali. "Halafu narudi."

Evelina alichimba kidogo. Udongo ulikuwa mweusi, wa kufikichika, una minyoo, na mizizi ya viazi ilikuwa imeushika vizuri. Akaona raha ambayo hakuwa ameipata tangu alipopunguzwa kazi. Alisema tu kwamba unafaa, na kwamba usiguswe hadi siku ya kuusambaza.

Revocatus akakohoa. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kupanda mti wa kumbukumbu, na viazi havikuwamo kwenye ratiba.

"Ukiliacha lundo tupu, mvua italipeleka ziwani," Evelina alimwambia.

Revocatus, mtu asiyependa ugomvi, akaamua kugawa. Upande unaotazama barabara viazi ving'olewe, upande wa nyuma vibaki. Evelina alipinga, akashukuriwa kwa mchango wake. Ng'washi hakupinga. Aliwafuata vibarua nyuma nyuma akiokota miche waliyong'oa, akaenda kuibana kwenye matuta ya nyuma.

Mgeni akaja, akapanda mkaratusi upande wa mbele, akapigiwa makofi. Kisha zikaja zile mvua za El Nino.

Barabara ilipopitika tena, Evelina alirudi. Upande wa mbele haukuwapo, wala mkaratusi. Chini, maji ya ufukweni yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Upande wa nyuma ulisimama na viazi vyake, na Ng'washi alikuwa anapalilia.

"Udongo uliobaki utatosha wapi?" aliuliza Revocatus, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

"Mteremko wa chini tu. Na mama huyu avune kwanza."

Safari hii hakuna aliyemshukuru kwa mchango. Walifanya alivyosema. Ng'washi alivuna, akavikata vipande vyembamba vya michembe, akavianika juu ya mwamba. Chokaa ikamwagwa mteremkoni, tipa zikaanza kubeba udongo, naye Ng'washi akawa anatembea kando ya udongo wake hadi unapomwagwa. Hakuna aliyemwita wala aliyemzuia. Jioni ya kwanza alikuwa ameshapiga matuta.

Msimu uliofuata viazi vilistawi katikati. Pembeni, ambako udongo ulikuwa mwembamba, majani yaligeuka manjano. Evelina alikuja kupima, akaketishwa juu ya gunia, akapewa kiazi cha kuchemsha.

"Pembeni ongeza samadi," alishauri. "Itachukua miaka."

"Ng'ombe wapo. Na lile shimo?"

Evelina alitazama shimo lililojaa maji ya kijani. Angeweza kutafuta neno la kumtuliza.

"Lile halirudi kuwa shamba, mama."

Ng'washi alitafuna, akameza.

"Basi," alisema, akamchagulia kiazi kingine kikubwa zaidi.